Mnazi wa Zena

Kaka yangu Kitwana alipoukata ule mnazi, shoka lilimteleza likamchana muundi. Nikasema kimempata alichokitafuta. Mnazi wenyewe ulipandwa pale kilipozikwa kitovu cha binti yake Zena, aliyekufa kwa surua miaka mingi nyuma, kabla hajajua kutembea. Mkewe Biubwa alirudi kutoka shambani, akakuta kisiki, akaingia ndani. Tangu siku ile hakumsemesha mumewe.

Waliishi hivyo msimu mzima, hapa hapa Kisarawe. "Mwambie kaka yako chakula tayari," na huyo kaka yuko mbele yake anasikia. Simung'unyi maneno: walinichosha.

Kidonda nacho kikakataa kupona. Dresa wa zahanati ya serikali alikiosha, akakipaka dawa, akakifunga bendeji safi. Kesho yake usaha vilevile. Mwisho akatuambia wazi kwamba kisipoanza kufunga kabla ya Ramadhani, Kitwana atapelekwa Dar es Salaam akakatwe mguu. Na sisi tulikula kwa jembe lake.

Nikamwita Mbaraka, mtani wetu wa Kinyamwezi, aje awapatanishe. Kwetu mtani ndiye hushika shughuli za msiba, na hakuna asiloruhusiwa kusema. Alifika bila hodi, akakifunika kisiki kwa gunia, akaangua kilio, eti amekuja kuzika, wafiwa wako wapi? Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Biubwa akatoka, Kitwana akachechemea nyuma yake. Mbaraka akawakalisha kando ya kisiki, na hapo akaacha mzaha.

"Kitwana, muuaji ni wewe. Mwambie mama wa marehemu kwa nini umeua."

Kaka alikigusa kisiki juu ya gunia.

"Ulianza kuzaa," alisema. "Kila asubuhi nautazama, umekua, unazaa. Yeye hakukua. Nilishindwa, mama Zena."

Siku zote Biubwa alidhani mumewe alitaka boriti tu. Alilia, naye kaka akalia, na mimi kicheko kikaniisha. Sikuwahi kuwaona wakimlilia yule mtoto pamoja.

Jioni ile Biubwa alichemsha maji, akaifungua bendeji kwa mikono yake, na akaendelea hivyo kila siku. Dawa ilikuwa ileile ya dresa, maji yaleyale ya kisima chetu. Kidonda kikakauka pembeni, nyama mpya ikajaa, kikafunga kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Dresa alipapasa kovu, akauliza tulimpa dawa gani nyingine.

"Hakuna," nikamwambia. "Wamekaa matanga ya mtoto wao."