Chandarua cha Kukaguliwa

Nilipofika mara ya kwanza kwa yule bibi mfyatua matofali, nilikuwa na wiki tatu kazini, na shahada yangu ilikuwa haijashika hata vumbi. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyandarua na kujaza fomu. Nyumba yake ilizungukwa na mashimo alikochimba udongo wa matofali. Yote yalijaa maji ya mvua, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vilicheza.

"Shikamoo, bibi. Mnalala ndani ya chandarua?"

"Kila siku!" alidakia mjukuu wake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. "Lakini bibi anakoroma, mbu wenyewe wanakimbia."

"Hebu funga bakuli lako wewe," bibi alisema, huku naye akicheka.

Chandarua chao kilikuwa na viraka hadi hujui rangi yake ya kwanza. Msimamizi wangu, niliyefuatana naye siku hiyo, alikiinua kwa vidole viwili mbele ya majirani waliokuja kuchungulia. "Bibi, hiki ni chandarua au chujio la chai?" Majirani wakaangua kicheko. Akachora alama ya kosa mlangoni kwa chaki nyekundu. Bibi aliinamisha kichwa, akawa anakwangua udongo uliomkaukia viganjani.

Roho iliniuma. Tulipompa chandarua kipya nilimnong'oneza, nikidhani namfariji: "Kitunze, bibi. Nikirudi nikikute kizuri hivihivi, tumfunge mdomo huyu bwana."

"Utakikuta, baba."

Baada ya miezi mitatu nilirudi peke yangu, na pikipiki ya mradi. Chandarua kilining'inia juu ya kitanda, cheupe pe. Nikafurahi, nikaweka tiki. Kisha nikaiona mikunjo. Ilikuwa bado imesimama, kama ya shati lililotoka dukani sasa hivi. Na chini, kwenye mkeka, Chiriku alijikunyata ndani ya kanga, meno yakigongana.

"Bibi, hiki mmekitundika lini?"

"Niliposikia pikipiki." Alinitazama kwa fahari. "Si ulisema ukikute hivihivi? Hata Chiriku sikumwachia akiguse."

"Na kile cha zamani?"

"Kile kilichoniaibisha? Nilikichoma moto."

Nikapiga magoti, nikamgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa kama tofali lililotoka tanuruni.

"Homa imemshika tangu juzi usiku," bibi alisema. "Jana nilimbeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Muuguzi ni mmoja, anakuja Jumatatu na Alhamisi. Jana ilikuwa Jumanne."

Mradi ulikataza kupakia wagonjwa. Niliwapakia. Tulipita zahanati, kufuli bado lipo mlangoni, tukaendelea hadi hospitali ya wilaya. Njiani degedege lilimkamata mara mbili, na bibi, nyuma yangu, hakulia. Aliita tu jina la utani la mjukuu wake, tena na tena.

"Mngemleta jana," daktari alisema.

"Nilimleta jana, baba. Nyinyi ndio hamkuwepo."

Chiriku hakufa. Kwenye cheti waliandika: amepona.

Mwezi uliofuata nilirudi. Alikuwa ameketi mlangoni akipanga vipande vya tofali.

"Chiriku!"

Hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti zaidi. Bibi akanishika mkono.

"Usijichoshe, baba. Hasikii. Na maneno nayo yanampotea, moja moja."

Nilifungua fomu. Kuna mahali pa chandarua, pa kitanda, pa idadi ya waliolala. Niliipekua yote nikitafuta mahali pa kumwandika Chiriku, sikupaona.

Bibi alikuwa amenitangulia chumbani. Chandarua sasa kilikuwa cheusi kwa moshi, kimetapakaa alama za vidole vya udongo, na tundu moja limeshonwa kwa uzi wa gunia. Alisimama mbele yake, ameukunjua upindo wa kanga yake kulificha lile tundu.

"Tunalala ndani yake kila siku, baba," alisema. "Ndiyo maana kimechafuka. Utanichorea tena mlangoni?"