Vikapu vya Shangazi

Tangu nifungue duka asubuhi ile nilikuwa nimevihamisha vikapu vya Shangazi mara nne. Nilivipanga dirishani, nikaona mwanga umezidi. Nikavipeleka nyuma ya viti vya seremala, nikaona navificha kama mali ya wizi. Nikavirudisha dirishani. Shangazi alikuwa njiani, na mimi sikuweza kukaa kitako hata dakika moja.

Duka langu ni dogo. Watu watano wakiingia, wa sita anasubiri mlangoni. Nauza kazi za mafundi wa hapa hapa mjini: viti vya seremala, vyungu vya mfinyanzi, vitambaa vya binti mmoja anayechapa maua jikoni kwa mama yake, na vikapu vya Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenifundisha kusuka kabla sijajua kusoma. Sharti la duka ni moja: kila kitu kina kikaratasi chenye jina la aliyekitengeneza, na mkono mwingine haukigusi. Seremala aliwahi kumpa shemeji yake kiti akipige msasa. Nilimrudishia kiti hicho mbele ya wateja, nikampayukia mpaka akaniita Hakimu, na jina likaniganda.

Hakimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mwongo kuliko wote. Vikapu vya Shangazi vilikuwa vimeanza kuja vimepinda. Ukili, ule mkanda wa majani unaosukwa kwanza, kisha kushonwa kwa kuzungushwa mpaka uwe kikapu, ulikuwa unaruka jani hapa, unabana pale. Ukingo ndio usiseme. Nilijiambia ni uzee tu. Na ningemwambiaje mtu aliyesuka miaka hamsini, ambaye sifa hiyo ndiyo aliyobaki nayo baada ya mume kufariki na magoti kugoma? Sikuthubutu. Nikawa navifumua nyumbani, navisuka upya, kisha navitundikia jina lake. Binamu yangu, mwanawe, kila alipoleta vingine nilimpa ujumbe uleule: "Mwambie vimekwisha vyote, watu wanavigombea."

Sasa mama mmoja anayepamba nyumba za watu alikuwa anataka vikapu thelathini, ila kwanza amwone msukaji kwa macho yake. Nilimwambia Shangazi ana magoti mabaya. Akatuma gari, mwenyewe akaja dukani kumsubiri.

Gari likasimama nje. Shangazi alishuka taratibu, kashika bega la dereva, kavaa nguo zake za kwendea harusini.

"Hakimu!" aliita huku akicheka. "Uko wapi, mbona hunipokei?"

"Shikamoo, Shangazi. Niko hapa mbele yako."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti nikae, na kisiwe kile ulichomrudishia mwenzio."

Mama wa mapambo akacheka, akamshika mikono yote miwili, akaanza kumsifu. Mimi nilisimama kati yao na dirisha nikibwabwaja bila kituo. Niwaletee chai? Au maji? Feni imezidi?

"Wewe vipi, umeingiwa na siafu?" Shangazi aliniuliza. "Hebu tulia." Kisha akamgeukia mgeni. "Nipe kimoja nikuonyeshe kazi ilivyo."

Mgeni alinyoosha mkono juu ya bega langu, akachukua kikapu, akampa. Shangazi hakukitazama. Alikiweka mapajani, vidole vikaanza kutembea ukingoni. Yeye mwisho wa ukili huukunja mara mbili kwa ndani ndipo akauficha. Mimi nina haraka tangu utotoni, huukunja mara moja. Vidole vyake vilifika pale, vikasimama.

"Nipe kingine," alisema.

Akapewa kingine, kisha cha tatu. Mgeni alikuwa bado anatabasamu.

"Hivi si vyangu," Shangazi alisema polepole. "Kavisuka huyu hapa. Huu uvivu wa mwishoni naujua, nimeulea mwenyewe."

Mama wa mapambo alisoma kikaratasi, akanitazama, akakisoma tena. Alisema atanipigia simu, akachukua mkoba wake akatoka. Sikumsindikiza hata kwa macho.

"Nisamehe, Shangazi. Nilitaka kukusitiri."

"Vyangu vilikuwa vibaya?"

"Vilipinda."

"Sana?"

"Sana."

Nilikuwa tayari kutukanwa. Ningeshukuru. Lakini alibaki anakipapasa kile kikapu, na aliponena sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu kichwani.

"Binamu yako alitaka kunipeleka kwa daktari wa macho. Mara mbili. Nikamkatalia. Nilimwambia, macho yangu yangekuwa mabovu, Hakimu angepokea kazi yangu? Yule ambaye hata seremala hakumwonea haya? Nikiona ukungu najiambia ni uchovu, nanawa uso, naendelea kusuka."

Nilifunga duka saa tano asubuhi, wateja wawili wakiwa mlangoni. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu, mimi nikiinuka kila mlango ulipofunguliwa, yeye akinivuta nguo nikae.

Daktari alimmulika jicho la kulia, akaenda la kushoto, akarudi la kulia. Alizima kurunzi yake, akavuta kiti.

"Mama, hili la kushoto limechelewa," alisema. "La kulia tutajitahidi. Ulianza kuona vibaya lini?"

Shangazi aligeuza uso kunitafuta, akanitafuta upande ambao sikuwapo.

"Muulize huyo," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akijua."

Nikamwambia daktari: miezi minane.