Sahani Moja, Simu Mbili

"Kosa ni langu," mshonaji alikiri kabla hata hajakaa. "Uliniambia, nikajitia kichwa kigumu."

Kweli, fundi simu alikuwa amemweleza. Kuna njia ya kutunza majina ya wateja ambayo kila simu inabaki na barua pepe yake na namba zake. Ukifuta jina hapa, kule haliguswi. Na kuna njia ya kuziunganisha: jina likiingia huku linaonekana kule, likifutwa huku, na kule limekwenda. Yeye na mdogo wake, wenye duka moja la kushona, walichagua ya pili.

"Tumenyonya ziwa moja," alisema siku ile akicheka, "tutashindwa kula sahani moja?"

Leo asubuhi, mkasi mkononi, alimtafuta bibi harusi kwenye simu amwite kupima gauni. Hayupo. Wateja wote hawapo.

"Simu yangu inaumwa?"

"Nzima kukushinda," fundi alimtania. "Majina yamefutwa kwenye simu ya mdogo wako."

"Kabonyeza kwa bahati mbaya huyo. Ana vidole kama ndizi!"

Safari hii fundi hakucheka. "Dada, bahati mbaya haichagui. Wateja wameondoka wote, lakini muuza vifungo kabaki, fundi wa kutengeneza cherehani kabaki. Usihofu, majina nitakurudishia."

Majina! Kana kwamba alikuwa akililia majina. Mshonaji aliichukua simu, akaandika: "Mdogo wangu, niambie tu kwamba umekosea kubonyeza. Nitaamini."

Alama ya kusomwa ikatokea. Wakakaa wakiitazama simu, mpaka kioo kikazima.