Mzunguko wa Bi Kisu

Bi Kisu alikuwa mtu wa kujisifu. Tuliseme hili mapema ili asije akaonewa huruma kupita kiasi. Alijisifu kwa vitu viwili tu, mkono wake na kisu chake, na kwa hivyo viwili alijisifu mpaka watu wakawa wanamkwepa njiani. Alitunza bustani ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu, wenzake walidhani atakaa kibarazani anyooshe miguu. Thubutu! Alijitwisha kazi kubwa kuliko ya mwanzo, na hakuna aliyemtuma.

Kazi yenyewe ilikuwa mnyamavu. Huo ni mti mdogo, kimo cha mtu mzima, wenye majani mazito yasiyochakarika hata upepo uvume vipi. Uliota kwenye kilima kimoja tu, na kilima chenyewe kikageuzwa machimbo ya kokoto. Siku moja kabla trekta halijafika kwenye mti wa mwisho, Bi Kisu alipanda kule juu na gunia, akakata vijiti sitini, akateremka navyo mgongoni kama mtu aliyeiba. Alivichomeka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia nyuma ya nyumba yake. Vijiti arobaini na kimoja vikatoa mizizi.

Hakuna raha aliyoijua kushinda ile ya kukwaruza ganda la kijiti kwa ukucha na kuona kijani chini yake. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini mbele ya makopo yale ulilainika. Alfajiri alikuwa ameshachuchumaa, udongo umejaa kwenye kucha, anaimba vibaya, anafurahi kama mtoto aliyepewa maji achezee.

Miche ilipokua aliigawa. Mmoja alimpa kinyozi, mwingine fundi cherehani, mwingine mwalimu mstaafu, mwingine aliupanda hospitali, na hivyo hivyo mpaka mji mzima ukawa na minyamavu nyuani. Kila aliyepewa alipewa na sharti.

"Mwagilia, palilia, hata ukitaka uzungumze nao," aliwaambia. "Lakini kukata, hapana. Kukata ni kazi yangu."

Ndivyo ulivyoanza mzunguko. Kila mwaka mvua zikiisha, Bi Kisu alifunga kitambaa kilicholoweshwa maji kiunoni, akachukua kisu chake na daftari, akapita nyumba kwa nyumba akipogoa. Alimaliza yote kwa siku tatu, kwa mfuatano ule ule, ili miti yote ichanue wiki moja na nyuki wapate kutoka uani kwa huyu kwenda kwa yule. Alipomaliza mti mmoja alifuta kisu kwa kile kitambaa, akaenda kwenye mwingine. Na kweli, wiki ya maua ilipofika, mji ulijaa maua meupe, na watu waliomkwepa mwaka mzima walimwita wampongeze.

Mwaka huu, wiki tatu baada ya mzunguko, fundi cherehani alibisha hodi.

"Bi Kisu, mti wako unasinzia."

"Mti hausinzii. Umeufanya nini?"

Alikwenda kuuona. Majani ya juu yalikuwa yameinama, mabichi bado, lakini hayana nguvu. Akamgeukia fundi wa watu akamshushua barabarani mbele ya wateja wake, kwamba anamwaga majivu ya pasi ya mkaa kwenye shina. Fundi aliapa kwamba majivu huyamwaga jalalani. Bi Kisu akamwambia ananuka majivu mpaka kwenye kofia. Kesho yake akaja mwalimu mstaafu na habari ile ile. Keshokutwa kinyozi alisema wake umeshakauka kabisa, ni kuni. Mwezi haukuisha, daftari likawa orodha ya wagonjwa.

Bi Kisu alilaumu sabuni, akalaumu mbolea, akalaumu majirani wenye wivu. Usingizi ulimpaa. Alijua hesabu yake vizuri: kilimani hakuna mti hata mmoja, na duniani hakuna kilima kingine. Hii ikifa, ndiyo basi. Mwishowe alimeza kiburi akapiga simu kwenye taasisi ya mimea.

Aliyekuja alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea, binti mpole mwenye mkoba mkubwa, aliyemwamkia Bi Kisu kwa adabu kisha akaomba glasi ya maji. Bi Kisu alidhani ana kiu. Binti akakata kipande cha shina la mnyamavu uliokuwa uani mle mle, akakining'iniza ndani ya glasi, akasema wasubiri. Baada ya dakika chache, kwenye ncha ya kile kijiti ukaanza kuteremka uzi mweupe, mwembamba kama wa maziwa.

"Hivyo ni vimelea, mama," binti alisema. "Vinaziba mishipa ya mti, maji hayapandi. Unaweza kuumwagilia pipa zima na bado ukafa kwa kiu."

"Dawa yake?"

"Haina dawa."

Bi Kisu alikaa kwenye ngazi. Binti akaomba daftari, akawa anafuata majina kwa kidole.

"Mwaka huu ulianzia wapi kukata?"

"Hospitali. Huwa naanzia pale."

"Karibu na mti huo pana nyanya?"

"Zipo za jikoni. Zilikuwa zimenyauka, nikawaambia wale wapishi hawajui kulima."

"Nyanya huugua ugonjwa huu huu," binti alisema. "Baada ya hospitali ulikwenda kwa nani?"

"Kwa kinyozi. Halafu kwa fundi, halafu kwa mwalimu." Alikuwa anajibu kwa fahari bado, maana mzunguko ule aliujua hata akiwa amefumba macho. Ndipo aliposikia anachokisema. Kinyozi ndiye aliyefiwa na mti wa kwanza. Akafuata fundi. Akafuata mwalimu.

"Kisu ulikuwa unakisafisha vipi, mama?"

Kitambaa kilikuwa kimeanikwa pale pale kwenye kamba, na binti alikwisha kukiona. Miaka yote alikilowesha ili utomvu usigande kwenye kisu. Alikuwa ameupaka ugonjwa mti kwa mti kwa mkono wake mwenyewe, na wale waliotii sharti lake, wasiruhusu kisu kingine kiguse mti, ndio hao hao aliowapelekea.

"Hungejua," binti alisema.

"Ningejua. Miaka ishirini na sita ya kazi, ningejua. Nilikuwa najua sana, ndiyo maana sikuuliza mtu."

Binti alirudi kwenye daftari. "Na huu ulioupitishia mstari? Nambari kumi na saba."

"Huo sipiti. Ni kwa mdogo wangu. Mwaka wa sita huu hatusemezani."

"Hujaugusa miaka sita?"

"Sijaugusa. Nasikia anautundikia nguo."

Binti alifunga daftari polepole, akauliza nyumba iko wapi, kisha akajizuia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshashika mti mgonjwa, viatu vyake vina udongo wa pale. Angekuja wiki ijayo na nguo nyingine na vifaa vingine, aukague, na ukiwa mzima achukue vijiti vichache. Lakini mwenye nyumba aonywe leo hii. Watu wakishajua umebaki mmoja watakwenda kuomba matawi, na kila mmoja atakwenda na kisu chake na udongo wake.

"Mpigie simu, mama."

"Hapokei simu yangu."

"Basi nenda, lakini lango usilivuke. Oga, vaa nguo zilizochemshwa, ndala mpya. Udongo wa hapa kwako umeshaharibika, utakaa na ugonjwa huu miaka mingi. Usimguse mtu wala kitu cha kule. Si leo tu."

"Mpaka lini?"

"Mradi unaishi hapa na mti ule uko kule, mama, ni hivyo."

Mchana ule Bi Kisu aling'oa mti wa uani kwake, akauchoma kwenye pipa. Fundi cherehani alikuja na wake amebeba begani, umekauka, akaanza kuomba radhi kwamba labda kweli yalikuwa majivu. Masikini ya Mungu, alikuwa amekaa na kosa hilo mwezi mzima.

"Si majivu," Bi Kisu alimwambia. "Ni mimi. Waambie na wenzako, ni mimi nimeiua yote. Na ukisikia umebaki mmoja mahali, usiende."

Fundi alimtazama, akatazama moto, akaenda zake bila kuaga. Bi Kisu alioga mara mbili. Akasugua kucha kwa brashi mpaka zikatoka damu.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na lango la mabati lenye kidirisha. Aligonga kwa jiwe ili asiliguse. Kidirisha kilifunguka, macho ya mdogo wake yakatokea, na Bi Kisu akaona yamezeeka.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuonya kuhusu mnyamavu. Mingine yote imekufa. Usimruhusu mtu aukate, usimruhusu mtu aingie uani, hata..."

"Miaka sita," mdogo wake alimkatiza. "Miaka sita nangoja ugonge hapa. Umegonga kwa ajili ya mti."

Kidirisha kikaanza kufungwa. Bi Kisu alijua kwamba kikifungwa hakitafunguka tena, wala hiyo wiki ijayo kwa mtaalamu. Lakini alichosema hakukisema kwa ajili ya mti. Alikisema kwa sababu tangu ile glasi ya maji kilikuwa hakimwachi.

"Siku ya msiba nilisema ulimwacha mama akauke kama mche usiotunzwa. Nilisema mbele za watu."

Kidirisha kikasimama.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza kitandani. Wewe ndiye uliyemlisha kwa kijiko. Mimi siku anakata roho nilikuwa kwenye mzunguko, siku ya pili, nyumba ya ishirini na mbili. Ulinipigia simu asubuhi nikasema nimalize kwanza. Nikaja nimechelewa, nikakutukana wewe. Nisamehe, mdogo wangu. Sina neno jingine."

Kisha makomeo yakaanza kufunguliwa, la juu, la kati, la chini, na lango likafunguka wazi. Mdogo wake alisimama pale na kanga mabegani, analia bila kujifuta.

"Ingia, dada. Jua linakuchoma. Ingia ukae."

Bi Kisu alirudi nyuma hatua mbili.

"Siingii."

"Nimekwambia ingia, yameisha."

"Siwezi. Ugonjwa niliusambaza mimi, kwa mkono huu. Udongo wa kwangu umeoza. Nikikanyaga humo naingia nao."

"Leo tu?"

"Si leo tu. Na wewe kwangu usije." Mdogo wake alinyoosha mkono, na Bi Kisu akaficha mikono yake nyuma ya mgongo. "Usiniguse, nakuomba."

Walitazamana, mmoja ndani, mmoja nje. Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, kutoka langoni hauonekani hata jani. Bi Kisu alijikaza asiulize, ikamshinda.

"Umechanua?"

"Umechanua wote. Nimetoa kamba ya nguo, maana maua yalikuwa yanadondokea mashuka." Mdogo wake akacheka kidogo katikati ya machozi. "Nyuki hatupumui. Ngoja, nikukatie tawi moja nikurushie, angalau ulione."

Alikuwa ameshageuka, anakwenda kutafuta kisu jikoni. Bi Kisu alitamani tawi lile kuliko alivyowahi kutamani kitu. Angelishika tu. Angelinusa, basi.

"Usikate!" alipiga kelele, mpaka wapita njia wakageuka. "Rudi. Funga lango. Usikate kitu."