Hakuna Breki Angani

Pale mjini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Breki, basi. Kwa miaka mingi aliwafundisha watu kuendesha gari, na neno hilo ndilo lililosikika zaidi likitoka dirishani mwake: "Breki! Breki, mama, utatuua!" Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia uliizoea mno. Hata kwenye kochi, mtangazaji akitaja ajali tu, mguu unakanyaga zulia.

Alipostaafu, wanawe walimwuliza anataka zawadi gani. Akajibu kwa mzaha kwamba anataka kurusha ndege. Lakini watoto wa siku hizi hawataniwi. Walichangishana, wakamwandikisha kwenye shule ya urubani nje kidogo ya mji, yenye vindege viwili vya viti viwiliviwili, banda la mabati na kipande cha lami cha kurukia.

"Sasa itakuwaje?" mkewe aliuliza, amebana kicheko.

"Itakuwaje nini? Gari ni gari, hata likiota mabawa."

Mwalimu wake alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake, mwembamba, mwenye sauti ya upole kama mtu anayeagiza chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu," Breki alijibu, akajitahidi kuingia kwenye kindege bila kugonga kichwa. Akakigonga.

Ardhi ikawaachia. Aliushika usukani kama mtu aliyening'inia ukingoni mwa korongo. Kisha kindege kikapigwa na hewa yenye matuta, kikadunda kidogo, na ule mguu wa kulia ukafanya kazi iliyouzoea. Pua ya ndege ikageukia kulia ghafla, kama mbuzi aliyevutwa kamba.

"Baba, umekanyaga nini?"

"Breki!"

"Huku juu hakuna breki, baba. Pedali hizo zinageuza ndege. Taratibu, achia."

Aliachia, lakini shati lilikuwa limelowa.

Tangu siku hiyo visingizio vikaanza. Mara mafua, mara mgeni, mara msiba wa shangazi. Akienda darasani, kurusha kulianza kumkubali, ila kutua ndiko kulikomshinda. Lami ikisogea, mguu unakakamaa kwenye pedali, ndege inaenda upande, na mwalimu inabidi aichukue mwenyewe dakika za mwisho.

"Asubuhi umemwambia mwalimu kwenye simu kwamba unaenda kuzika shangazi tena," mkewe akamwambia jioni moja. "Ni wa tatu huyo. Punguza, utamaliza ukoo."

Breki akacheka bila kutaka, kisha akayamwaga yote.

Mkewe hakusema pole. Alivuta kiti cha jikoni hadi katikati ya sebule, akamkalisha, akampa mfuniko wa sufuria awe usukani, na mbele ya miguu yake akapanga ndala mbili. Yeye akasimama nyuma ya kochi, mwiko mdomoni kama redio.

"Rubani, mnara unaongea. Ruhusa ya kutua umepewa. Ardhi inakuja... inakuja..."

Ndala ya kulia ikateleza mpaka chini ya meza.

"Umeona?" mkewe akasema. "Mikono haina neno. Woga wako umehamia mguuni."

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Akiwa karibu kutua, mkewe anagonga sinia sakafuni amshtue, naye anajikaza asiisukume ndala. Siku moja jirani alibisha hodi, uso umejaa wasiwasi.

"Jamani, kwema? Nasikia vishindo."

"Kwema, shemeji," mkewe akajibu. "Tunatua."

Baada ya jirani kuondoka, Breki alibaki na mfuniko mapajani. "Mke wangu, unajua kinachonisumbua? Mwanafunzi wangu akikosea, nilikuwa na breki yangu. Sasa mimi ndiye wa kukosea."

"Umemwambia mwalimu wako?"

"Nimwambie mtoto yule kwamba naogopa?"

"Mtoto yule ndiye anayejua kurusha ndege. Mwambie."

Kesho yake alimwambia, wakiwa wamesimama kando ya bawa, macho yake yakichunguza viatu. Binti akashangaa. "Baba, siku zote umenyamaza na hilo? Nilidhani hunipendi tu. Mimi mwenyewe kabla ya mtihani wangu nilitapika nyuma ya banda lile pale."

Akamwambia avue yale mabuti mazito, avae raba nyepesi apate kuzisikia pedali, visigino vikae sakafuni. Halafu aseme kwa sauti kila anachokiona. "Mdomo ukiwa na kazi, woga unakosa nafasi ya kuongea."

Basi Breki akawa anatua huku anatangaza kama mpira. "Lami ile pale. Upepo unatoka kushoto. Kunguru wawili, wameondoka. Napunguza moto wa injini. Nainua pua..." Alidunda, akadunda tena wiki nyingine, lakini alitua.

Asubuhi moja mkewe alifuatana naye. Baada ya mizunguko mizuri ya kuruka na kutua, mwalimu alifungua mkanda, akashuka.

"Unakwenda wapi?" Breki akauliza.

"Kunywa chai na mama. Zunguka mara moja, urudi."

Mlango ukafungwa. Alikitazama kile kiti kitupu, akaona ni kikubwa kuliko alivyofikiri. "Kiti kitupu," akasema kwa sauti. "Injini nzima. Lami iko wazi. Haya, twende."

Bila uzito wa mwalimu, kindege kiliruka kama kilichotoroka. Chini akaona mapaa, barabara, uwanja wa shule, na vitu vyote vimetulia mahali pake. Akajikuta anacheka peke yake.

Wakati wa kutua, upepo ulimsukuma kwa ubavu. Mguu ukaomba kukanyaga. Akausikia, akausemesha, "Tulia, wewe," akagusa pedali kidogo tu, kiasi cha haja. Pua ikanyooka. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena na kukaa.

Akazima injini, akashuka. Mkewe alikuja mbio, khanga imemteleza mabegani.

"Uliangalia?"

"Kwa jicho moja. Umetua mara mbili!"

Wakakumbatiana pale pale kwenye lami, mpaka mwalimu akawaomba wasogee, ndege nyingine inataka kupita.

Juma lililofuata woga ulikuwa umerudi. "Mwalimu," akauliza akifunga mkanda, "hivi huu woga unaisha lini?"

"Wangu ukiisha nitakujulisha."

Akatikisa kichwa, akawasha injini, akaanza kutangaza anachokiona.