Safu ya Nyumba

Mereoni alifunga virago mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, huku akimvalisha mwanawe viatu bila kuyaondoa macho dirishani. Mumewe alikuwa amesimama tena ng'ambo ya barabara. Nyumba ile tulimomficha tulipaswa kuijua watu wawili tu, mimi na msimamizi wa kituo chetu cha kuwaficha wanawake wanaopigwa na waume. Msimamizi alikuwa Auckland wiki tatu. Nikajishuku hata mwenyewe, nikajiuliza kama huwa naongea usingizini.

Kisha nikamshuku Peceli. Yeye ndiye aliyetengeneza ripoti ya kila mwezi inayowaonyesha wafadhili ni wanawake wangapi tumewapokea kutoka kila mkoa. Kwenye kioo cha kompyuta huonekana tarakimu tu. Lakini nilipofungua maagizo ambayo ripoti huyatuma kwenye hifadhidata, niliyasoma mara mbili. Yalikuwa yanabeba kila safu: jina, simu, kijiji, hata nyumba ya maficho. Yeyote kati yetu watano ofisini wenye ripoti hiyo, akihifadhi faili lake, aliondoka na siri zote zikiwa zimelala chini ya tarakimu.

"Peceli, kwa nini unachukua zote?"

"Dada wee, nani ana muda wa kuchagua? Zoa zote, utachambua mbele ya safari."

"Na nyumba ya Mereoni unaichambulia wapi?"

Alicheka. "Wewe Ateca ungeolewa na polisi tu. Kwako kila mtu mwizi!"

Kicheko kile sikukipenda. Peceli anatoka kisiwa cha Kadavu, na mume wa Mereoni pia ni wa Kadavu. Hilo lilinitosha.

Sikumwambia mtu. Niliyaandika maagizo upya, nikaacha safu mbili tu, mkoa na mwezi. Ripoti ikafunguka vilevile, tarakimu zilezile, ila kwa haraka zaidi. Anayesoma kioo asingegundua lolote. Angegundua tu anayechimba chini ya tarakimu. Ukitupa jiwe gizani ukasikia "yalaa", ujue limempata mtu. Basi nikakaa kumsubiri Peceli apige yowe. Wiki nzima nilimvizia hadi kwenye birika la chai, na wiki nzima hakuuliza kitu, jambo lililonifanya nimwone mjanja kuliko nilivyodhani.

Ijumaa mchana shangazi Losalini, binamu ya mama yangu, mfanyakazi mwenzetu aliyenitafutia kazi hii, aliniletea mihogo na samaki wa tui kama kawaida yake. Akavuta kiti.

"Kula, mwanangu, umekonda kwa mawazo. Hivi, ripoti ya mwezi huu ina nini? Ile safu ya nyumba siioni."

Kijiko kilinibaki mkononi.

"Shangazi, ripoti haijawahi kuonyesha nyumba."

Alifunika bakuli, akalifunua, akalifunika tena.

"Mume wa Mereoni aliniomba, Ateca. Ni mtoto wa dada wa mume wangu. Alikaa mkekani kwangu, akapiga makofi ya heshima, akaomba. Damu ikiomba hivyo, unaikatalia kwa mdomo gani? Alisema anataka kumwona mtoto wake tu."

"Mara ya kwanza alimvunja mkono, shangazi. Na ya pili ukampa tena?"

"Aliomba tena."

Nilitamani kumchukia, nikashindwa. Nilimwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja. Mikono ile ndiyo iliyonisuka nywele siku ya maziko ya mama.

Ndipo alipoteremka kitini. Mwanamke wa miaka sitini, akaketi sakafuni mbele yangu, akapiga makofi matatu, taratibu, kama inavyopasa.

"Basi na mimi naomba kwako. Usimwambie mtu. Sitarudia."

Katika ukoo wetu sijawahi kuona ombi la namna hiyo likikataliwa. Lakini Mereoni alikuwa sasa kwenye nyumba ya tatu.

"Hapana, shangazi," nikasema.

Nikainua simu kumpigia msimamizi. Losalini alibaki palepale sakafuni, mikono yake bado imekutana, akinisikiliza nikilitaja jina lake.