Wanne wa Kahororo

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne tarehe 9 Machi 1926, mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya boma la Bukoba, tope limemganda miguuni hadi magotini. Karani Nathanael Buberwa alipofika na funguo zake, mwanamke huyo alisimama na kujitaja kabla hajaulizwa: Kokubanza wa Izigo, mke wa Mutalemwa.

"Nimesikia mnafukua kaburi la Kahororo," alisema. "Nimemfuata mume wangu."

"Hatujafukua, waitu," karani alimjibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Tunauliza kwanza kama inafaa."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Barabara mpya ilipangwa kupita Kahororo, na katika njia yake palikuwa na kaburi moja la wapagazi wanne wa jeshi la Wajerumani, waliouawa Juni 1915 katika zile siku mbili za mapigano ya Bukoba. Majina yao hayakuandikwa popote. Waraka uliotoka Dar es Salaam ulisema hivi: akitokea ndugu wa kutaja alama inayoonekana kwenye mfupa, na alama hiyo iwe ya mtu mmoja tu, kaburi lifunguliwe na marehemu akabidhiwe kwao. Asipotokea, barabara ikwepe na pawekwe jiwe. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa boma, aliusoma mara moja, akausukuma upande wa pili wa meza. "Chunguza wewe. Mimi nitatia sahihi."

Nathanael alikuwa amesoma kwa Walutheri, na alikuwa mtu wa kuamini kilichopimwa. Mpaka siku hiyo alikuwa na shahidi mmoja, mzee Rwegasira, mfyekaji nyasi wa boma, ambaye ndiye aliyewazika wale wanne. Mzee alikumbuka jambo moja la kufaa: mmoja wao alikuwa na pengo la meno mawili ya chini, mbele. Aliliona alipomfunga kinywa. Nathanael aliliandika na kuliweka ndani ya jalada, wala hakumwambia mtu. Alama ikishatangazwa haina kazi tena.

"Mume wako alikuwa na alama gani?" alimwuliza Kokubanza.

"Mkono wa kushoto, hapa." Alijigusa katikati ya kiwiko na kifundo. "Alikuwa mtengeneza nguo za magome. Alianguka kutoka kwenye mtoma akibandua gome, mwaka mmoja kabla hajanioa. Mfupa uliunga kombo. Ukimshika gizani unamjua."

Nathanael aliandika neno kwa neno. Ilikuwa alama nzuri, ya kwenye mfupa, isiyooza. Ila ilibidi ithibitishwe, kwa hiyo Alhamisi alipanda baiskeli akashika njia ya Muleba hadi Izigo.

Karugendo, mdogo wake Mutalemwa na mrithi wake, alimpokea kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, bila furaha. Walikuwapo majirani wawili, watu wazima wa ufundi ule ule, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi.

"Bwana karani, unakuja kumtafuta mtu ambaye yuko hapa," alisema Karugendo, akaonyesha mahali palipoinuka kidogo kati ya migomba. "Kaka yangu tulimzika mwaka wa kumi na saba. Tukanyoa, tukakaa matanga, nikarithishwa."

"Mlizika nini?"

"Shina la mgomba. Mtu aliyepotea mbali huzikwa hivyo. Sasa ukiniletea mifupa, nimzike mara ya pili? Umewahi kusikia mtu mwenye makaburi mawili?"

"Mmoja nimemsikia," alisema jirani mmoja. "Ni yule mjomba wako mnene. Moja halikumtosha."

Walicheka. Karugendo naye alicheka bila kupenda, akamwinulia mgeni kibuyu. Hapo Nathanael aliuona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umepinda katikati ya kiwiko na kifundo.

"Mkono huu ulipatwa na nini?"

"Mtoma. Nini tena?"

"Na wangu huu," alisema jirani wa kwanza, akakunja shuka.

Wa pili alinyoosha wake ambao haukuwa na kasoro. "Mimi nilikuwa nashuka kabla sijachoka. Hawa walipenda sifa. Kisu kinakaa mkono wa kulia, bwana karani, kwa hiyo wa kushoto ndio unaotangulia chini. Fundi asiyevunjika huo, uliza kama kweli alipanda."

Nathanael hakunywa tena. Aliuliza Mutalemwa alichukuliwa upagazi pamoja na nani. Walihesabu kwa vidole: watu sita wa kilima kile, siku moja, wote watengeneza nguo za magome. Waliorudi ni wawili.

Wanne hawakurudi. Kaburini walikuwa wanne. Huenda ndio wale wale, huenda sio. Wapagazi walikufa sehemu nyingi. Alilolijua kwa hakika ni kwamba alama aliyoipenda siku mbili nzima ilikuwa alama ya kazi, wala haikuwa ya mtu.

Jumatatu tarehe 15 Kokubanza alirudi bomani, safari hii akiwa na Karugendo. Nathanael alimweleza yote akiwa amesimama, maana aliona si haki kumwambia akiwa nyuma ya meza.

"Kwa hiyo wakipatikana wawili wenye mkono kombo?" aliuliza Kokubanza.

"Hatutajua ni yupi."

"Nipe mmoja."

"Na akiwa si yeye?"

"Atakuwa amepata kwao. Nitamlilia vizuri. Nani ataumia?"

"Huyo naye ana mtu wake, waitu. Mkewe akija kesho na alama ya kweli, nitamwambia nini? Kwamba yuko Izigo kwa jina la mwingine? Na Mutalemwa atabaki hapa bila jina mara ya pili, tena safari hii hakuna atakayemtafuta."

"Miaka kumi na mmoja," Kokubanza alisema taratibu. "Wananiambia mjane, nakataa. Huyu hapa alitakiwa anirithi, nikamfukuza kwa mwiko."

"Kwa mchi," alisema Karugendo.

"Nataka kujua kama amekufa. Hilo tu. Mgomba hauwezi kuniambia."

Nathanael aliomba wampishe, wakatoka barazani. Alikuwa bado na swali moja katika orodha, lile analoulizwa kila ndugu, na alikwenda kabatini kuleta jalada. Kutoka pale kabatini aliona kupitia dirisha. Mzee Rwegasira alikuwa ameegemeza fyekeo lake ukutani, ameinama karibu na Kokubanza, anasema kwa sauti ya chini. Akajigusa meno ya chini kwa kidole, mara mbili. Karugendo alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Aliwaita ndani, akafungua jalada, akachovya kalamu. Alichokiona dirishani hakikuwa ndani ya jalada. Kokubanza akisema neno moja, karatasi itakubali, Bwana Shauri atatia sahihi, na kaburi litafunguliwa.

"Meno ya mume wako yalikuwaje?"

Karugendo alimtazama shemeji yake. "Mulamu," alisema, "sema basi. Mimi nitamzika. Makaburi mawili ni shauri langu, nitalibeba."

Kokubanza aliiangalia kalamu.

"Yalikuwa yote," alisema. "Alikuwa akimenya miwa kwa meno hadi siku waliyomchukua. Hakuna lililong'oka."

"Una hakika?"

"Karani, nililala na mtu huyo miaka sita."

Nathanael aliandika: *Meno kamili.* Alipoinua macho, Kokubanza alikuwa akihesabu kitu kimoyomoyo.

"Yule mwenye pengo si wangu," alisema. "Basi wamebaki watatu."

Karani hakumuuliza amejuaje habari ya pengo. Siku ile ile alimwandikia Bwana Shauri kurasa mbili: alama iliyotajwa ni ya mafundi wengi, kufungua kaburi hakutamtambulisha mtu, wanne waachwe, barabara ikwepe, na majina ya wanaume wanne wa Izigo wasiorudi yahifadhiwe jaladani pamoja na neno "haijathibitishwa". Sahihi ilitiwa Jumatano tarehe 17.

Jiwe liliwekwa Kahororo asubuhi ya Jumamosi tarehe 27 Machi. Mzee Rwegasira aliombwa aonyeshe walivyolazwa, akaonyesha kwa fimbo, kuanzia yule mwenye pengo, upande wa ziwani. Kokubanza alihama kutoka upande ule, akaketi mbele ya wale watatu wengine. Hakulia, wala hakuimba. Saa sita kasoro robo alisimama, akakung'uta nguo, akaondoka kwa njia ya Muleba, Karugendo akiwa nyuma yake.